Bunduki ya Sufuria

Jumatano, 1 Oktoba

Wamenichagua mimi! Emerance, muuza sufuria! Naandika bado nacheka peke yangu kwa furaha.

Mkutano wa kikundi ulikuwa mchana, nyumbani kwa Mama Geneviève, rais wetu, pale Mbunya. Tulijibana chini ya bashi, turubai lake la plastiki, maana mvua ilikuwa haichezi. Karatasi imefika! Miezi kumi na minne ya kupanda na kushuka ofisini — sahihi huku, muhuri kule, njoo kesho, chef wa ofisi ametoka. Leo Mama Geneviève aliitoa kwenye mfuko wa plastiki, akaisoma polepole. Ruhusa ya bunduki moja ya kuwindia. Moja. Mpigaji mmoja: Jérôme, mdogo wangu. Bunduki italala kwenye poste ya polisi. Itatoka kwa sahihi na kurudi kwa sahihi. Na lazima inunuliwe kabla mwezi huu haujaisha. Tukichelewa, tunaanza upya. Tukinunua mbovu, tunaanza upya pia. Kwa Ituri ya leo, yenye vita, hakuna atakayekupa karatasi ya bunduki mara mbili kwa sababu umemchekea vizuri.

Na nguruwe pori hawasubiri muhuri. Familia ishirini na mbili tuna mashamba ng'ambo ya mto, na misimu miwili hatujavuna kitu. Mvua ikianza tu, hata saa sita mchana, wanaingia. Wanafukua muhogo, nusu wanakula, nusu wanalalia. Tumepiga madebe, tumewasha matairi. Wanatutazama tu! Familia tatu zimekwishaacha mashamba. Safari hii tukikosa, yangu itakuwa ya nne.

Ndipo swali: nani achague bunduki? Wanaume wakakohoa, kila mmoja akawa mtaalamu. Mama Geneviève akawakata: "Muniambie kwanza, kati yetu hapa ni nani hawajamuuzisha faux hata siku moja?" Vicheko, na macho yote kwangu. Kweli! Miaka kumi na tisa nauza sufuria soko la Lumumba, hajazaliwa wa kuniuzia faux, bati kwa jina la inox, chuma kisichoshika kutu. Wakapiga makofi. Jérôme peke yake aliweka mikono mfukoni.

Ijumaa, 3 Oktoba

Tumekwenda kwa Mzee Théodore, mimi na Jérôme. Huyu mzee alikuwa na shamba la kahawa kule Mambasa, mwindaji wa zamani, sasa anahamia Kinshasa kwa watoto wake. Ana bunduki mbili, na makaratasi yake yote ni safi. Ofisi imekubali tuchukue moja. Nyingine ina mteja wake tayari, anangoja tu sisi tuchague.

Alizilaza mezani juu ya kitambaa cha Noeli. Ya kwanza nyeusi, kitako cha mti mwekundu kilichosuguliwa mpaka unajiona uso. Ya pili — nilikaribia kucheka. Nyeupe! Mtutu mweupe, mwili mweupe, kitako cha plastiki ya kijivu kama mpini wa birika. Inox, mzee akasema. Imetengenezwa kwa ajili ya mvua: chuma hakishiki kutu, plastiki haivimbi kama mti.

Jérôme hakuitazama hata mara moja. Aliichukua nyeusi, akaiegemeza shavuni, akafumba macho, akaniambia mimi dada yake: "Yaya, hii njo bunduki. Ile ingine iko sufuria."

Mzee akacheka. Mimi sikucheka. Najua kwa nini anaipenda nyeusi: ni pacha wa bunduki ya Papa. Mti ule ule, harufu ile ile. Na mimi kwa sababu hiyo hiyo sitaki hata kuiona!

Niandike tu, hakuna anayesoma. Miaka ishirini na tisa iliyopita Papa alikwenda kuwinda na Jérôme. Mvua. Dume la nguruwe likamjia mbele. Papa akavuta, bunduki ikakataa kulia. Kimya! Nguruwe akampasua paja, na Papa alikaa siku tatu tu. Jérôme alikuwa na miaka kumi na minane, mimi ishirini na mitatu. Bunduki walikuja kunikabidhi mimi, na ilikuwa imeshika kutu mpaka ndani ya mtutu. Tangu siku hiyo naichukia kutu kama anavyochukiwa mtu. Labda ndiyo sababu niliingia kwenye biashara ya inox, sijui.

Kwa hiyo nimeamua. Nyeupe! Jérôme anune anavyotaka.

Jumamosi, 4 Oktoba

Siku ya soko kubwa. Watu wa harusi wamenimalizia sufuria zote pana.

Nikamwambia jirani yangu Kasereka, muuza misumari na manjanja ya kuezekea, habari ya bunduki ya inox. Akaacha kupima waya. "Mama Sufuria, ulipimaka na sumaku?"

Sikupima. Mimi! Mimi ambaye sumaku ya spika ya redio inaning'inia kwa kamba mbele ya meza yangu, hata vichaa wa soko wanaijua! Inox ya kweli haishiki sumaku. Ikishika ni faux. Sheria hiyo kila mama wa soko letu anaijua kabla hajajua kuhesabu. Kwa sheria hiyo nimerudisha mizigo mizima kwa wauzaji wa jumla, na wakaomba radhi. Halafu mbele ya bunduki nimekaa kama mgeni!

Kasereka alicheka mpaka akakaa juu ya manjanja yake. Mganga hajigangi, akasema. Jumatatu narudi kwa mzee na sumaku.

Jumatatu, 6 Oktoba

Aibu. Aibu tupu.

Sumaku niliificha ndani ya leso. Jérôme alikuja, na Mama Geneviève kama shahidi. Nikaisogeza kwenye mtutu mweupe. PA! Ikashika! Nikaiachia, ikaning'inia yenyewe kama kupe. Kwenye mtutu, kwenye mwili, kila mahali. Ilikataa kwenye plastiki tu — asante sana!

"Muzee," nikasema, "walikudanganya. Hii haiko inox."

Mzee Théodore ni mtu wa adabu. Hakupiga kelele. Alisema bunduki hiyo iko naye miaka kumi na moja, mvua zote za Mambasa zimeinyeshea, aliinunua kwa muuza silaha mwenye duka, si barabarani. "Na weye unakuja na kipande ya redio, unaniita mwongo kwa nyumba yangu?" Akakunja kitambaa cha Noeli juu ya bunduki zote mbili. Hakutusindikiza.

Njiani Jérôme alicheka mpaka machozi. Jioni kikundi kizima kinajua. Simu zinaingia: eti Mama Sufuria, sasa mezani kwako unauza na risasi? Ya kwanza nilijibu. Zilizofuata niliziacha zilie.

Basi. Nyeusi. Jérôme ameshinda, nitamwambia wiki hii. Roho inaniuma, na si kwa aibu peke yake. Nikifumba macho namwona mdogo wangu amesimama kwenye mvua na bunduki ya mti mwekundu.

Jumanne, 7 Oktoba

Naruka! Naandika nimesimama, hapa hapa sokoni, mvua inapiga bashi!

Asubuhi nilikuwa napanga vitu bila moyo. Visu, vijiko, uma. Kamba ya sumaku ikakatika — imechakaa, mwezi mzima nasema nitaibadilisha — sumaku ikaanguka ndani ya sanduku la visu. Nikaiokota. Ikaja na visu vitano!

Nikatulia. Visu hivi si faux. Ninacho kimoja nyumbani tangu ndoa yangu, kimelala ndani ya maji usiku na mchana, hakina doa. Nikachukua uma wa seti hiyo hiyo, sanduku hilo hilo: sumaku haishiki. Kijiko: haishiki. Kisu: PA! Nimerudia mara kumi. Seti ya pili vile vile. Ya tatu vile vile!

Miaka kumi na tisa! Sufuria napima kwa sumaku. Kisu sijawahi kukipima hivyo, maana kila mtu anajua kisu kinapimwa kwa makali. Nani angekaa aweke sumaku kwenye kisu?

Inox ziko za namna mbili! Nilimpigia Kasereka kelele kutoka mezani kwangu. Akaja, akajaribu mwenyewe, akakuna kichwa. Yeye ndiye aliyemalizia. Sufuria haina vita na mtu, alisema, inox yake hata ikiwa laini hakuna shida. Kisu lazima kiwe kigumu. "Na bunduki je?" nikamuuliza. Akanitazama. "Bunduki iko ndugu ya kisu, Mama. Haiko ndugu ya sufuria."

Kwa nusu saa hakuna aliyeuza kitu upande wetu wa soko. Kila mtu anapima visu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda kuomba msamaha. Na jogoo — huwezi kumwita mzee mwongo nyumbani kwake halafu urudi mikono mitupu. Mama Geneviève ametoa wake mwekundu, kwa shingo upande.

Mzee Théodore aliniacha nimesimama mlangoni na jogoo wangu muda wa kutosha. Nikapiga goti. Nikatoa kisu, uma na sumaku, nikamwonyesha. Akavijaribu mwenyewe. Uma, kisu, uma, kisu. Kisha akatoka nje akaangalia mvua kidogo, akarudi. "Kumbe siye wote tuko bado kwa masomo," akasema, akampokea jogoo. Nilitaka kumkumbatia!

Lakini sumaku sasa haiamui kitu. Nyeusi inashika, nyeupe inashika. Nikamwambia mzee ukweli: nataka jaribio. Mimi nikitaka kuijua sufuria nailaza na chumvi. Kila bunduki ina kile chuma cha kuvuta na kusukuma ili risasi iingie, wanakiita culasse. Nikaomba tukifunge kwa kitambaa cha maji ya chumvi, bunduki zote mbili, siku nne, tufungue mbele ya watu. Siku nne, maana Jumamosi Mama Geneviève yuko kanisani na Sabato yake haiguswi.

Alifikiri. Ile itakayobaki tayari ina mteja! Lakini mzee ana kiburi kizuri. Alisema kutu ya siku nne ni kitu cha kusugua kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba anataka sana kuuona uso wangu siku hiyo. Tukafunga pamoja, kama watu wanaofunga kidonda. Culasse zote mbili zimelala kwenye kabati lake.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeshinda! Nimeshinda, nimeshinda!

Tulikuwa wanne: mzee, Mama Geneviève, Jérôme na mimi. Kitambaa cha nyeusi kilitoka chekundu kama vumbi la barabara zetu. Kutu! Siku nne tu! Mzee mwenyewe alifyonza meno. Kitambaa cha nyeupe kikatoka kama kilivyoingia. Chuma kinang'aa. Nikapitisha kidole, halafu nikapitisha ulimi — Mama Geneviève akapiga yowe — chumvi tupu!

Niseme yote. Kulikuwa na doa moja la kahawia, dogo kama ufuta, kwenye kona ambayo maji yalikaa. Mzee akalionyesha yeye mwenyewe. Hata inox inataka kufutwa na kupakwa mafuta, akasema. Anayekuambia haijui kutu kabisa ni mchuuzi. Na akanitazama! Ni kweli. Mimi pia wateja nawaambia hivyo, wakishalipa.

Na Jérôme? Eti inang'aa mno. Nguruwe wataiona. Na si nguruwe peke yao: kwa nyakati hizi mtu akitembea na kitu kinachowaka mkononi, askari wa barrière, pale kwenye vizuizi vya barabara, watasema nini? Neno hilo lilimwingia Mama Geneviève. Hata mimi liliniingia. Tumekubaliana kesho tumuulize Mbuyi, mkubwa wa poste ambako bunduki italala.

Lakini kwa nini mdogo wangu anapigana hivi? Kutu ameiona kwa macho yake.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mbuyi ni mtu wa Kasai, mnene, sauti ya kuhubiri. Nikamweleza: moja nyeusi, moja nyeupe. Hakungoja nimalize. "Mama, kamata ya nyeupe!" Bunduki nyeusi, alisema, ukiiona mbali ndani ya mvua, hujui ni ya mkulima au ya mtu wa porini. Askari anaweza kukosea, na makosa ya namna hiyo hayarudi nyuma. Lakini nyeupe? "Hiyo hata kwa mbali tutajua iko ya nguruwe, haiko ya vita. Likambo te, hakuna shida, mama!" Akaandika kwenye karatasi yetu, kwa mkono wake: rangi nyeupe. Ubaya aliousema Jérôme ndio uzuri wenyewe! Nilitoka pale nacheza.

Mvua ikatukamata njiani. Tukasimama kwenye baraza ya duka moja la mkate lililofungwa. Nikaanza kumtania: haya, Bwana Mwindaji, una neno lingine? Akageukia ukuta. Kisha akasema.

Sikujua. Miaka ishirini na tisa sikujua!

Papa hakuuawa na kutu. Kutu iliingia baadaye. Bunduki ililala kwenye majani siku mbili, inanyeshewa, wakati sisi wote tuko hospitali. Siku moja kabla ya kuwinda, Papa alimwambia Jérôme aisafishe. Mafuta ya bunduki hayakuwepo: Jérôme mwenyewe alikuwa ameyamwaga, na aliogopa kusema. Akaipaka mawese. Culasse yote, mpaka ndani. Asubuhi ikawa baridi ile ya huku kwetu milimani, mawese yakaganda. Papa alipovuta, sindano ya ndani ilitembea kama kwenye gundi. Risasi haikupigwa.

"Ni mimi, Yaya. Haikukuwa kutu. Nilitaka nyeusi ili nishinde na bunduki sawa na ile ile. Nikikamata ya inox, weye utaendelea kusema ni chuma njo kilimuua Papa."

Nililia pale barazani, kwa sauti, madereva wa pikipiki wakanigeukia. Nilimshika kichwa. Amebeba kitu hiki mpaka ameota mvi! Nilimwambia ukweli: Papa alikuwa mkali kiasi kwamba hakuna kati yetu ambaye angethubutu kusema mafuta yamemwagika. Mimi pia ningepaka mawese. Na kweli ningepaka.

Habari ya bunduki hatukuirudia. Mvua ilipopungua tulipanda pikipiki moja, wote wawili nyuma ya dereva, kama zamani.

Jumanne, 14 Oktoba

Sokoni. Wateja wachache.

Miaka yote hii nimepigana na kutu, na kutu haikuua mtu. Nikifikiri hivyo nataka kucheka, halafu nataka kulia. Lakini mvua ni ile ile. Nguruwe ni wale wale. Chumvi haikudanganya, na Mbuyi hakudanganya. Nyeupe bado ni nzuri, najua.

Ila sitaki tena kuchagua juu ya kichwa cha Jérôme. Nimemtumia ujumbe: wewe ndiye utakayelala nayo kwenye matope, chagua wewe, kikundi nitawaambia ni mimi niliyechagua. Hajajibu. Mwezi unakwenda.

Ijumaa, 17 Oktoba

Vigelegele! Mbunya nzima imesikia!

Jérôme alifika kwa Mzee Théodore kabla yangu. Nilimkuta amesimama mezani. Nyeusi iko pale, mzee ameshaisugua, inang'aa kama hakuna kilichotokea. Jérôme aliishika kidogo, kwenye mti, kama mtu anayeaga. Kisha akanyoosha mkono akachukua nyeupe.

"Ile nyeusi inataka mutu mwenye hasahau," akamwambia mzee. "Mimi nilisahau mara moja. Unipe yenye inasamehe."

Mzee hakuelewa yote. Mimi nilielewa. Nikajifanya natafuta kitu kwenye kikapu.

Mzee akatoa na chupa ya mafuta ya bunduki, zawadi. Jérôme akaomba mbili. Ya pili ya nini? "Kama moja inamwangika," akasema — na akacheka! Mara ya kwanza namsikia akicheka juu ya jambo hilo.

Karatasi, sahihi, muhuri. Mbuyi ameiandika kwenye kitabu cha poste na kuifungia. Halafu wote kwa Mama Geneviève: wali, sombe ya majani ya muhogo, kucheza. Kikundi kimeibatiza bunduki: Sufuria. Mama Geneviève anasema nyama ya nguruwe kanisa lake linamkataza, lakini muhogo wake nguruwe hawajakatazwa, basi wapigwe! Mimi nimeimba mpaka sauti imekauka. Waliokuwa wananipigia simu za dharau leo walinigombania nikae karibu nao. Nilikaa, kwa maringo yangu yote!

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo Jérôme amejaribu Sufuria nje ya mji, Mbuyi na askari wake wawili wamesimamia. Mvua ya kutosha. Aliiacha kwanza inyeshewe saa nzima, juu ya majani. Kisha risasi tatu, kwenye boksi la carton. Zote tatu zimelia, mbili zimeingia katikati. Mbuyi anasema hata ya tatu ni nzuri, ni carton iliyosogea.

Mimi nilikuwa sokoni nauza. Nimekosa kuisikia! Nilimkasirikia Jérôme kwa kutoniita. Akasema: basi Alhamisi twende wote shambani.

Alhamisi, 30 Oktoba

Shambani, ndani ya kibanda. Saa nne asubuhi. Mvua tangu alfajiri, na baridi. Naandika kwa penseli, Bic haiandiki kwenye karatasi yenye unyevu. Daftari liko nusu ndani ya mfuko wa plastiki.

Tumepita barrière bila shida. Askari aliiona Sufuria kutoka mbali, akapaza sauti: bazee ba nguruwe, mupite!

Kabla hajaenda kulala kwenye matuta, Jérôme alinifungulia culasse. Nilipitisha kidole. Mafuta mepesi, safi. Nikanusa kidole. Naye akakinusa. Si mawese! Tukacheka kama wajinga wawili.

Sasa yuko hatua arobaini mbele yangu, tumbo ndani ya matope. Namwona mgongo na soli za buti. Sufuria ni nyeupe kabisa kwenye majani, maji yanateremka juu yake hayakai.

Wameingia! Kutoka upande wa mto. Wawili — wanne — saba! Wekundu, masikio marefu, hawana hata haraka. Wanafukua muhogo wangu mimi. Mng'ao wa bunduki hawaujali hata kidogo, Jérôme aliwasingizia. Nyuma kuna dume. Kubwa. Mungu wangu, kubwa.

Dume limewaacha wenzake. Linakuja upande wa Jérôme, polepole, pua chini. Hajapiga. Kwa nini hapigi? Anangoja ligeuke ubavu, alinieleza jana. Jérôme, piga!

Amevuta culasse. Nimesikia mpaka hapa: laini, kama kufunga kifuniko kinachokaa vizuri. Nguruwe hawajasikia. Nimetazama mikono yake. Imetulia.

Dume limesimama. Limeinua kichwa. Linamtazama.

Jérôme amegeuza uso kidogo, si kwa dume, kwangu mimi. Anagusa sikio kwa kidole: ziba masikio, Yaya.

Ameshaegemeza shavu. Maji yanatiririka kwenye chuma.

Sizibi. Miaka ishirini na tisa naungoja mlio huu.